Anzeni na vivuko, bustani itafuata

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukipewa kalamu na ramani ya Bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, njia ya kijani ya wananchi wote ungeianzia wapi? Nadhani wengi wataanzia Salender, penye mikoko na upepo wa bahari, halafu wapande taratibu hadi Jangwani. Kalamu yangu isingeufuata mto kabisa. Ningechora kwanza mistari mifupi inayoukata: Tabata kwenda Vingunguti, Kigogo kwenda Mchikichini, Hananasif kwenda Upanga. Hiyo ikishakaa vizuri ndipo ningeiunganisha kwa njia ya kutembea kandokando.

Sababu ni kwamba Msimbazi ni mto wa kuvukwa. Unatoka vilima vya Pugu, unateremka kama kilomita 35 hadi baharini, na karibu safari yote hiyo una watu kulia na kushoto wanaohitajiana kila siku. Soko liko huku, machinjio yako kule, shule huku, hospitali kule. Nafundisha shule ya msingi upande wa Kigogo. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi sihitaji kusikiliza redio, rejista inatosha: watoto wa ng'ambo hawapo. Wanaokuja wameshika viatu mkononi na madaftari wameyafunga kwenye mfuko.

Wanapita wapi? Kwenye vivuko walivyojenga vijana. Kile ninachokijua vizuri kina nguzo mbili ndefu za mkaratusi zilizofungwa pamoja kwa waya, juu yake zimepigiliwa mbao zilizokwisha kazi ya kumwagia zege, na upande mmoja kuna kamba ya kushikia. Mwanafunzi mwenye sare halipishwi. Mtu mzima anatoa mia mbili, mwenye baiskeli mia tano. Wingu likitanda upande wa Pugu, vijana hawangoji tangazo la mamlaka ya hali ya hewa. Wanang'oa mbao, wanazipandisha juu penye nyumba, maana zikienda na maji na biashara imekwenda nazo. Mhandisi akitaka kujua ni wapi ukingo haumeguki, na maji ya mwaka fulani yalifika jiwe gani, awaulize hao kabla ya kufungua kompyuta yake. Nao wapewe kazi kwenye daraja litakalowanyang'anya ridhiki yao. Hilo ningeliandika kwenye mkataba.

Swali lenu si la ndoto, fedha zipo. Mwaka 2018 watu wa serikali, wataalamu na wakazi walikaa vikao vya miezi kadhaa kupanga bonde hili, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza. TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ndiyo yenye kuutekeleza. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji bonde la chini. Nyumba nyingi za huko zimeshavunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia. Kwa hiyo tunajadili kitu ambacho kitajengwa, na mimi nataka kijengwe na watu wanaoujua mto kwa kazi, si wale tu wanaoutazama wakiwa juu ya barabara.

Nianze na mchanga, kwa sababu njia yoyote itakayosahau mchanga itafukiwa. Udongo wa Pugu na Kinyerezi ni wa kichanga. Msitu ukikatwa na viwanja vikapimwa hadi kwenye miteremko, kila masika udongo unateremka. Mto ukiwa na kasi unaubeba. Ukifika Kigogo na Jangwani ardhi inakuwa bapa, maji yanapunguza mwendo, mchanga unatua. Kina kinapungua mwaka hadi mwaka, na maji yasiyo na pa kupita yanakwenda barabarani. Ndiyo maana Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na ndiyo maana karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyowekwa palepale bondeni imezama mara nyingi. Mafuriko yakigongana na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, pale Salender ndiyo kabisa, bahari inayarudisha maji juu.

Sasa, tunao watu wanaotoa mchanga mtoni kila siku bila kulipwa na serikali hata senti: vijana wenye masepetu, wanaoujaza kwenye malori madogo ya Kenta na kuuza kwa tripu. Kwa sasa wanafukuzwa kama wezi, na ni kweli wakichimba ovyo chini ya ukingo wanauangusha. Lakini katapila linapokuja kuzibua, nimeona kwa macho yangu chungu la mchanga likiachwa hapohapo kando, na mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka. Bora wapimiwe sehemu za kuchimba, zile ambazo mchanga unatua, wapewe vitambulisho na njia ya magari ya kushukia. Njia ya kijani ipite juu ya hiyo njia ya Kenta, kwa daraja dogo au kwa kona, na wapitaji waone kazi ikifanyika. Sioni ubaya wowote mtoto akimwona mtu anachota mchanga Jumamosi asubuhi akiwa matembezini na baba yake. Huo ndio mto wenyewe.

Bustani za mboga zina mgogoro mkubwa zaidi. Mchicha, matembele na chainizi za Msimbazi zimelisha Dar es Salaam miaka mingi, na mwenye kukataa hajawahi kununua fungu Ilala. Hata hivyo watafiti wamepima mara nyingi maji na udongo wa bonde hili wakakuta madini mazito kama risasi. Viwanda, majitaka na damu ya machinjio vimepita humo miongo mingi. Mwenye bustani anajua, mlaji anajua, na wote wawili wananyamaza kwa sababu mchicha ni wa leo na risasi ni ya baadaye. Kuwafyeka tu ni ukatili. Kuwaacha waendelee kumwagilia chakula kwa maji yale ni ukatili wa aina nyingine. Mimi ningewabakisha palepale, kwenye matuta yaleyale, walime kisicholiwa: miche ya miti ya kivuli, nyasi za kuuza kwa wajenzi, maua. Jiji hili limejaa wauza maua wa kando ya barabara, soko lipo. Na bustani yenyewe ya jiji itahitaji miche kwa maelfu. Inunuliwe kwao.

Kuna jambo jingine la ardhini ambalo ramani nzuri za rangi ya kijani hazilionyeshi. Tabata wana kituo kinaitwa Dampo, na jina halikuja bure. Mwaka 1988 wakazi walilipeleka Jiji mahakamani kwa kumwaga taka kwao, wakashinda. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, pembeni kabisa mwa mto, hadi 2001. Ukishuka pale kiangazi, mto ukiwa umekula ukingo, unaona ukuta wa matabaka: mifuko ya nailoni, kandambili, vitambaa, chupa, udongo kidogo, tena mifuko. Njia ikijengwa juu ya takataka itadidimia, na gesi itatafuta pa kutokea. Kwa hiyo kipande hicho nisingekipa lami wala benchi kwa sasa. Kipimwe, kizibwe, kipandwe nyasi zenye mizizi mirefu, na njia izunguke kupitia mtaani. Mtaani kuna maduka na vivuli vya bure.

Sheria nayo isomwe vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita hizo tunazifahamu kwa alama nyekundu za X na bomoabomoa ya Mkwajuni na Jangwani ya mwishoni mwa 2015. Neno "za kudumu" halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Njia ya miguu inayoweza kulowa, meza ya kuhamishika ya muuza kahawa, uwanja wa mpira usio na jukwaa, vyote hivyo vinaweza kuendana na sheria. Hoteli ya ghorofa yenye mandhari ya mto haiendani nayo, hata ikiitwa kituo cha utalii. Nalisema hili mapema kwa kuwa naujua mji wangu: sehemu ikishapendeza, mwenye kibanda huambiwa sheria ni mita 60, kisha anakuja mwekezaji na mita zinafupika.

Majirani zetu wa Nairobi wana somo dogo. Pale karibu na mzunguko wa Globe, kando ya Mto Nairobi, palikuwa na gereji za jua kali. Mwaka 2008, John Michuki akiwa waziri wa mazingira, mafundi waliondolewa na eneo likapandwa miti. Leo ni bustani yenye jina lake, ilifunguliwa upya 2020, na ni kivuli kizuri sana katikati ya jiji lenye joto la magari. Lakini mto unaopita ndani yake uliendelea kuleta uchafu wa huko juu, kwa sababu bustani haisafishi maji ya mtaa usio na mifereji ya majitaka. Kwetu, Vingunguti na mabwawa yake ya majitaka viko juu, bustani itakuwa chini. Mwenye kupanga aanze kuhesabu kutoka juu.

Kuhusu ujenzi wenyewe bonde la chini, ningekuwa na sharti moja: kila kitu kikubali kuzama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baada yake tumeona 2014, tumeona 2018. Yatakuja tena. Njia iwe ya mawe au zege la kawaida linalooshwa kwa pampu, taa ziwe juu ya nguzo ndefu zenye nyaya zake juu, mabenchi ya zege yasiyo na mbao za kuibwa au kuoza. Kila baada ya maji kushuka kutakuwa na tope la kufikia vifundo vya miguu, na tope likikauka halitoki tena. Nani atalikwangua, siku ya ngapi, kwa fedha ya fungu gani? Bajeti ya koleo na vibarua iandikwe kabla ya bajeti ya sanamu. Viwanja vya mpira vinaweza kubaki kama vilivyo, vumbi na yote, vimezoea. Huu ni mto uliogawa majina ya utani kwa timu zote mbili kubwa za nchi, Wekundu wa Msimbazi na Watoto wa Jangwani, na Yanga wenyewe wanajua uwanja wao wa Kaunda umeogelea mara ngapi.

Wapo watakaosema watu wa Dar hawatembei, njia itabaki ya wezi. Nendeni Daraja la Tanzanite saa kumi na mbili asubuhi mtazame. Tangu lifunguliwe 2022 watu wanakimbia, wanatembea, wanapiga picha, na hakuna hata mti mmoja pale. Suala la wezi ni la kweli, ila njia inayoogopesha ni ile isiyo na mtu mwenye shughuli yake. Waosha magari, wauza miche, vijana wa mchanga na mama wa chapati hukaa mahali pamoja tangu alfajiri, wanajua nani mgeni. Ukiwaondoa ili pawe pasafi, saa moja jioni utawahitaji askari sita.

Tena baadhi yao ni walewale waliohamishiwa Mabwepande, nje ya mji, baada ya mafuriko ya 2011, kisha wakarudi mjini, kwa kuwa kiwanja walipewa lakini kazi ilibaki bondeni. Mradi wa safari hii umelipa fidia ya nyumba. Fidia ya mahali pa kufanyia kazi ndiyo hiyo njia, ikipangwa vizuri.

Bodaboda zisipite kwenye vivuko, hapo najua nitagombana hata na wanafunzi wangu wa zamani. Guta na mkokoteni vipite, vinabeba mboga na maji na havikimbii. Upana uwe wa mikokoteni miwili kupishana.

Na fedha zikipungua, maana fedha za miradi hupungua, ningekata chemchemi za mapambo, ningekata mnara wa kutazamia ndege, na kipande cha kutoka Jangwani hadi Salender kingesubiri awamu nyingine. Kivuko cha Hananasif kwenda Upanga kisiguswe. Ukisimama Hananasif, hospitali ya Muhimbili iko ng'ambo ya bonde tu, lakini mgonjwa wa bajaji analazimika kuzungukia Jangwani au Salender. Kazi ianze hapo, kiangazi hiki, kabla mchanga mwingine haujashuka.

Mwalimu, Kigogo