Mkuu, usitume hela ya hilo gongo la kaboni asilimia 95

Simamisha hiyo hela kwanza. Umeandika kwamba unarudi kwenye mpira wa magongo baada ya kuuacha tangu ulipomaliza shule, una miaka arobaini na kitu, unakaa Moshi, mtacheza kwenye kiwanja cha shule, na shemeji yako aliyeko Uingereza yuko tayari kukununulia gongo la kaboni asilimia 95, upinde wa chini, inchi 37.5. Umeuliza pia habari za viatu, vilinda ugoko, kinga ya meno na kijana wako anayetumia mkono wa kushoto. Hayo tutayafikia nikikumbuka. Hilo gongo ndilo lililonifanya nisogeze sahani pembeni nianze kuandika.

Gongo la aina hiyo hiyo ninalo, liko juu ya kabati. Nililinunua niliporudi uwanjani kama unavyorudi wewe, kwa hela ambayo ingetosha kuvalisha nusu ya timu. Na nililipa mara mbili, maana baada ya hapo kilifuata kiwiko. Maumivu yalianzia upande wa nje, yakateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikafika mahali nikawa siwezi kuinua sufuria ya ugali wala kukaza bolti ya gurudumu. Daktari aliuliza swali moja tu: unapiga nini na hicho kitu? Na asije mtu hapa kusema ni umri. Nilipobadilisha gongo na kupumzika, mkono ulirudi. Umri wangu haukurudi nyuma hata mwezi mmoja.

Aliyeniuzia ni kijana mwenye ukurasa wa vifaa vya michezo mtandaoni. Nilimweleza kila kitu: nimeacha muda mrefu, nacheza beki, uwanja wetu ni nyasi za ukoka zenye mabaka ya udongo, na kiangazi unageuka vumbi tupu. Jibu lake likawa kaboni, kaboni, kaboni. Kwamba kadiri asilimia inavyopanda ndivyo gongo linavyokuwa bora, na lile la asilimia 20 ni la watoto. Nina hasira naye mpaka leo, kwa sababu yeye alikuwa na taarifa zote na mimi sikuwa nazo, akachagua kuniuzia kilichokuwa ghali zaidi dukani kwake. Na ninaona maneno yake yamekufikia wewe neno kwa neno, tena kupitia mdomo wa mtu mwingine. Haya maneno yanatembea.

Sikiliza namna kaboni inavyofanya kazi. Kaboni hufanya gongo liwe gumu, lisipinde mpira unapoligonga. Likiwa halipindi, nguvu yako nyingi inaingia kwenye mpira, kwa hiyo mpira unaruka kwa kasi. Hilo ni kweli, hakuna anayebisha. Lakini ugumu huo huo unaurudisha mshtuko mikononi mwako badala ya kuumeza. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Ukiupiga katikati ya uso wa gongo, raha. Ukiukosa kidogo, ukagusa pembeni au ukachota ardhi, ni kama kupiga jiwe kwa nondo. Kijana wa timu ya taifa ya Uholanzi anaupiga katikati karibu kila mara kwa sababu anafanya mazoezi kila siku, na anacheza kwenye zulia la nyasi bandia lililomwagiwa maji, mpira unateleza bila kuruka. Wewe unarudi baada ya miaka ishirini na zaidi, na mpira wako utakuwa unadunda juu ya vichuguu vya ukoka. Mapigo yako mengi ya mwanzo hayatakuwa katikati, na hakuna aibu katika hilo. Gongo ndilo linalotakiwa likuvumilie.

Halafu kutuliza mpira. Gongo gumu linaurudisha mpira. Pasi inakuja kwa kasi, unaweka gongo, mpira unaruka mita mbili mbele yako, mshambuliaji wa upande wa pili anashukuru. Gongo lenye kaboni kidogo na faibaglasi (nyuzi za kioo) nyingi linaupokea, mpira unakaa.

Sasa huo upinde wa chini. Laza gongo mezani, uso bapa ukiangalia chini, utaona uwazi kati ya mpini na meza. Sheria inaruhusu uwazi huo ufike milimita 25, basi. Kwenye upinde wa kawaida uwazi ni mdogo kuliko huo na sehemu yake kubwa iko karibu na katikati ya mpini. Kwenye upinde wa chini uwazi unakaribia kabisa milimita 25 na umeshuka kuelekea kichwani, karibu milimita 200 kutoka chini. Umeshushwa hivyo kwa ajili ya yule mtu mmoja kwenye timu anayepiga kona fupi, ile kona ya adhabu, kwa kuuburuta mpira na kuurusha golini, na kwa wale wanaopenda kuunyanyua mpira mrefu. Wewe umesema ni kiungo. Ukipiga mpira wa kawaida kwa upinde huo bila kubadilisha mpira unakaa wapi ukilinganisha na miguu yako, uso wa gongo unafunguka na mpira unapaa. Kwetu hilo si jambo la mzaha. Sheria hairuhusu kuunyanyua mpira kwa makusudi kwa pigo la kuzungusha isipokuwa unapopiga golini, na hata usipokusudia, ukihatarisha mtu unapulizwa. Nimeona mpira wa gongo langu ukipita usawa wa sikio la mwenzangu wa timu. Baada ya siku ile nilikuwa napiga kwa woga, na beki anayepiga kwa woga ni bora akae benchi.

Jambo la tatu ambalo shemeji yako hawezi kulijua akiwa huko ni mchanga wetu. Vumbi la Moshi na Arusha lina chembe za mawe ya volkano na zinakwangua. Ukicheza kwenye moramu au nyasi zilizochakaa, kichwa cha gongo kinasagika kila unapokokota mpira. Rangi inaondoka, kisha tabaka la kaboni linaanza kuchanika nyuzi nyuzi, na likianza hivyo halina fundi. Gongo la bei ya chini likisagika utaumia kidogo. Hilo la zaidi ya pauni 200 likisagika msimu mmoja, utalia. Unaweza kuzungushia kichwa utepe, inaruhusiwa, mradi gongo pamoja na utepe wake lipite kwenye pete yenye kipenyo cha milimita 51.

Wazee wetu waliokwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na timu ya taifa walicheza kwa magongo ya mbao, yale ya mforosadi. Kila timu ilikuwa hivyo, kaboni na faibaglasi zilikuja kushika uwanja miaka ya 1990. Ndiyo, India walitufunga 18 kwa 0, lakini India nao walikuwa na mbao mikononi na wakaondoka na dhahabu. Ninalisema hili kwa sababu wewe ulijifunza kwa mbao, kama mimi. Mikono yako inakumbuka gongo linalopokea mshtuko. Mpe shemeji maagizo yanayofanana na hilo.

Kwa hiyo mwandikie hivi: kaboni isizidi asilimia 30, iliyobaki iwe faibaglasi, upinde wa kawaida, uzito kati ya gramu 520 na 540. Sheria inafika gramu 737 lakini huna shida ya kubeba mti. Urefu inchi 36.5. Hiyo 37.5 ni ya watu warefu kuliko wewe, na wewe umesema una futi tano na inchi nane. Gongo likisimama wima pembeni yako liishie karibu na mfupa wa nyonga. Akikuta dukani muuzaji anayemwambia hilo ni la wanaoanza, asibishane naye, alipe aondoke. Uchague gongo kwa uwanja utakaochezea na kwa mwili ulio nao sasa, hiyo kaboni itakusubiri. Mwakani ukiona mkono umekaa sawa na mmepata zulia, panda hadi asilimia 50. Hakuna anayekukimbiza.

Kijana wa mkono wa kushoto: hakuna gongo la kushoto. Magongo yote yana uso bapa upande wa kushoto tu na sheria inataka hivyo. Akiwa mdogo atazoea haraka kuliko unavyofikiri, mkono wake wa kushoto ndio unaokaa juu na ndio unaozungusha gongo, kwa hiyo ana nafuu fulani. Usimkatie lako. Gongo likikatwa uzito wote unabaki kichwani.

Kinga ya meno nunua ile ya kuchemsha na kuuma, usicheze hata mazoezi bila hiyo. Vilinda ugoko vya mpira wa miguu vinatosha kuanzia, ila viwe virefu mpaka kifundoni, mpira huu haupigi katikati ya ugoko kwa adabu. Viatu, kwa nyasi zetu njumu za kawaida za plastiki zinafaa, nenda soko la Memorial asubuhi mapema utapata.

Nadhani uliuliza kitu kingine kuhusu glavu, sikumbuki vizuri. Kabla shemeji hajalipa, mwambie apige picha mpini wa gongo, pale kwenye maandishi ya asilimia na milimita, kisha uiweke hapa. Nitaiangalia usiku huu huu.