Re: Maji moto ya kuoga, natokea Lindi mjini

Dada, umeuliza kama kuna chemchemi ya kujiloweka bila kupanda hadi kaskazini. Ipo. Nenda Maji Moto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jirani na Ziwa Tagalala. Kutoka Lindi pita Nangurukuru, vuka Daraja la Mkapa, ukifika Kibiti ukate kushoto kuelekea Mloka hadi geti la Mtemere. Kipande cha Mloka ni vumbi, masika usijaribu na gari dogo.

Pale juu maji yanapochomoka usiingize hata mguu, yanaunguza. Shuka na mkondo hadi kwenye vidimbwi vya chini, maji yameshapoa, unakaa hadi shingoni na mgongo wote unalegea. Harufu ya kiberiti utaizoea. Pete ya fedha ivue, itakuwa nyeusi. Mwenye presha au mjamzito amuulize daktari kwanza. Na tafadhali, msiende bila mwongozaji: Tagalala ina mamba na viboko.

Chemchemi ya Chemka ya kule Hai, Kilimanjaro, wanayoisifia ni nzuri mno, ila maji yake si ya moto.