Binti Anataka Biashara, Hesabu Anaikimbia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, Hisabati kapata C. Anataka akasomee biashara chuo kikuu. Shangazi yake anasema kidato cha tano achukue HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), eti EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) imeangusha wengi. Mwenyewe anataka ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Nimsikilize nani?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mama. Shangazi hajakosea kwamba EGM ni ngumu. Ila kuna jambo hakukwambia.

Ili aingie shahada, binti anahitaji angalau masomo mawili aliyofaulu vizuri kidato cha sita, jumla ya pointi 4. D mbili zinatosha, kwa kuwa D moja ni pointi 2. Hapo tahasusi zote tatu, yaani hiyo michepuo ya masomo matatu matatu, zinaweza kumfikisha. Shahada nyingi za biashara hazimlazimishi mtu awe na Hisabati ya Juu, ile ya EGM. Mara nyingi zinaridhika na ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne au wa BAM, ile hisabati ndogo wanayosoma wa ECA na HGE. C yake ina kazi, asiidharau. Lakini akija kutamani sayansi ya bima na takwimu za hatari pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bila Hisabati ya Juu mlango umefungwa.

Sasa hiyo BAM. Haihesabiwi kwenye divisheni, basi wanafunzi wanaipa mgongo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisoma HGE, kipindi cha BAM kilikuwa saa nane mchana, na sisi saa nane tulikuwa ziwani tunaoga. Mwaka wa kwanza chuoni nikakutana na hisabati ya biashara. Jaribio la kwanza nilipata 11 kwa 40. Waliotoka EGM walikuwa wanasinzia darasani, mimi nanakili ubao nisijue ninachoandika.

Na walichokuwa wanafundisha, mama, wewe unakifanya kila siku. Tuseme ndoo ya dagaa umeinunua 15,000. Ukiuza 20,000 zinatoka ndoo 10, faida 50,000. Ukishusha hadi 19,000 zinatoka 13, faida 52,000. Ukishusha tena hadi 18,000 zinatoka 16, lakini faida inarudi 48,000. Wewe unajua kwa uzoefu kwamba kuna mahali pa kusimama. Hisabati ya Juu inapatafuta hapo kwa mistari mitatu ya daftari: ni kama 19,170. Basi. Hicho ndicho kilichonitoa jasho muhula mzima.

Kwa hiyo mimi ningemuuliza binti swali moja: hiyo C aliipataje? Kama alikuwa anakokotoa mwenyewe na kilichomwangusha ni haraka, aende EGM. Hata Hisabati ikimgomea akapata S, alama ya chini isiyohesabika kati ya yale masomo mawili, Uchumi na Jiografia zikiwa D kila moja, pointi 4 anazo. Kama aliipata kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita, ECA inamfaa zaidi, tena ataingia chuoni anajua leja na mizania, vitu ambavyo mtu wa EGM anaviona kwa mara ya kwanza. Ila BAM asiikose hata kipindi kimoja. HGE ningeiweka ya mwisho. Siyo mbaya, ila kwa mtu aliyekwisha amua biashara, Historia inamlia muda.

Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoka kila mwaka, na sifa za kila shahada zimeandikwa humo. Msome pamoja, chuo kwa chuo, na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hapo Malimbe, msiiruke. Kisha aangalie alichojaza kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na shule. TAMISEMI huwa inafungua dirisha la kubadili tahasusi baada ya matokeo, na halikai wazi muda mrefu.

Shangazi msalimie.