Kabla ya Kubandika Mabango ya Kaizen, Nenda Kaone

Kazi yangu ni usimamizi wa godauni la chai hapa Shimanzi, Mombasa, mwaka wa kumi na tatu sasa. Wenzangu wa magodauni na karakana huniuliza mara kwa mara: haya mambo ya vituo vya tija, yaani vya kufundisha watu kufanya kazi izae zaidi, na wataalamu kutoka nje yana faida, ama ni semina tu za kula na kuondoka? Yana faida kubwa. Lakini mimi niliingia kwa mlango usiofaa, na nimewaona wengine wakiingia kwa mlango uo huo Changamwe na Jomvu, kwa hivyo naona ni haki nieleze yaliyonipata.

Mwajiri niliyekuwa naye wakati huo alileta mabango ya kaizen, yaani mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo. Yalikuwa ya Kiingereza, yenye maneno matano ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi. Tuliyabandika ukutani, tukachora mistari ya manjano sakafuni, tukawaelekeza wapagazi wapite wapi na waweke gunia wapi. Wiki ya pili mzee mmoja, mpagazi wa siku nyingi, alinivuta kando.

"Mwanangu, mstari huu umekuja kunisaidia ama kunihesabu?"

Nilimjibu, "Ami, ni wa kutusaidia sote." Nilisema hivyo bila kuuliza wakubwa. Mwisho wa mwezi vibarua kumi na wawili hawakuitwa tena kazini, kwa kuwa hesabu ilionyesha kazi inawezekana na watu wachache. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Waliobaki walianza kufanya kazi polepole makusudi, na hadi leo siwalaumu. Magurudumu ya foklifti yaliifuta ile mistari na hakuna aliyejisumbua kuichora upya.

Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya jambo hili, ndipo nilipoumia zaidi. Japani ilipoanzisha kituo chake cha tija mwaka 1955, wafanyakazi wa kule walikuwa na hofu ileile ya yule mzee. Kwa hivyo kituo kiliwekewa misingi mitatu. Tija iongeze ajira, na anayezidi mahali pamoja ahamishiwe pengine kadiri inavyowezekana badala ya kufukuzwa. Mwajiri na wafanyakazi washauriane. Na matunda yagawanywe kwa haki baina ya wenye kampuni, wafanyakazi na wanunuzi. Kisha walituma misafara Marekani kuangalia viwanda, na watu wa vyama vya wafanyakazi nao walikwenda. Sisi tulipokea mabango, misingi tukaiacha kwenye kontena.

Maarifa haya hayakutoka Japani kuja kwetu kwa hatua moja. Yamepokezwa mkono kwa mkono. Mwaka 1961 nchi nane za Asia, zikiwemo India, Pakistani, Nepali na Ufilipino, ziliunda shirika la pamoja la tija lenye makao Tokyo. Singapore ilisaidiwa na Wajapani kuanzia 1983, na ilipoiva ikaisaidia Botswana, ambayo ilianzisha kituo chake mwaka 1993. Ethiopia iliomba msaada wa Japani, na kufikia 2011 ilikuwa na taasisi yake ya kaizen. Kenya tuna kituo cha tija tangu 2002, na tangu mwanzo kiliwekwa mikononi mwa watatu: serikali, waajiri na COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi. Viko pia vituo wenzake barani, vilivyoungana katika jumuiya ya tija ya Afrika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, lakini, uko jirani. Hospitali ya rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kujipanga upya mwaka 2007 baada ya wakuu wa afya kuona kazi ya hospitali moja ya kina mama pale Colombo, Sri Lanka. Sri Lanka si nchi tajiri. Inajua wodi iliyofurika na stoo isiyojulikana kilichomo. Mtu wa Mbeya akiambiwa na mtu wa Colombo kwamba inawezekana, anaamini kwa haraka kuliko akionyeshwa picha ya kiwanda cha magari. Na Watanzania hawakuyaacha yale maneno matano katika Kijapani. Waliyatafutia Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Toa usichokihitaji, panga kila kitu mahali pake, weka safi, fanya kwa namna moja kila siku, na usiachie.

Nilipoyaleta maneno hayo godauni ninalofanyia sasa, kina mama wanaoshona magunia waliangua kicheko. Kwetu pwani kusasambua ni kumvua mtu nguo. Basi neno liliwakaa vichwani siku hiyohiyo, na jioni walikuwa wameivua stoo yao marobota ya kamba kuukuu yaliyokaa humo miaka.

Kwa hivyo, ukitaka kuanza, anza na ajira. Mwajiri wangu wa sasa aliandika, akatia sahihi pamoja na mwakilishi wa chama, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya mabadiliko haya, na aliyepungukiwa na kazi mahali pamoja atahamishiwa kwenye kuchanganya chai. Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni kabla ya mstari wowote kuchorwa. Mwajiri akikataa kuandika, nakushauri usianze.

Pili, ukienda kwa watu wa kituo cha tija, usiombe semina kwanza. Waulize: ni nani aliyefanya haya mahali panapofanana na pangu? Kisha nenda ukaone, na uwachukue wapagazi wawili. Meneja ataangalia chati. Mpagazi ataangalia gunia linashikwa mara ngapi. Ndivyo tulivyotambua kwamba letu lilishikwa mara nne kutoka lori hadi paleti. Siku hizi ni mara mbili. Gunia lina kilo sitini na zaidi, kwa hivyo mgongo wa mtu ndio uliopumzika kwanza, kabla ya faida kuonekana kwenye vitabu.

Pima kitu kimoja tu mwanzoni. Sisi tulipima muda wa lori, kuingia hadi kutoka. Mnada wa chai uko Mombasa tangu 1969, na humu mwetu hupita chai ya Uganda, Rwanda na Burundi. Lori likilala langoni hapa, kuna mkulima huko milimani anayesubiri.

Nina neno pia kwa wanaotia sahihi mikataba ya ushirikiano baina ya vituo. Safari zikipangwa, wasiende wakurugenzi peke yao. Wajapani wa 1955 walilijua hilo.

Mwezi ujao tunapokea wageni kutoka godauni moja la Kampala. Nimeshauriwa tupake rangi ukuta wa mbele, nikakataa. Kona ya magunia yaliyopasuka bado inatushinda, vumbi la chai linaruka na kamba hazitoshi. Hiyo ndiyo watakayoiona kwanza, na watakaowaeleza ni kina mama wa pale wenyewe, kwa Kiswahili chao.