Soga Zikomee Kwenye Fundo

Wakweaji wa miamba ni watu wa maneno. Kaa chini ya mwamba saa moja tu utasikia ubishi wa kila namna: kama njia hii ni ya daraja la ugumu la 6b kweli au imependelewa, kama mrefu ana nafuu kuliko mfupi, kama kiatu kinachokunja vidole kina faida yoyote. Ubishi huo mtamu, na una kazi yake. Daraja la njia halipimwi kwa mizani. Ni maoni ya waliopita, na hunyooka kwa kubishaniwa. Mkweaji wa Cheki, Adam Ondra, alipoimaliza njia iitwayo Silence kule Flatanger, Norwei, mwaka 2017, akaipa 9c, daraja ambalo hakuna njia iliyokuwa imepewa kabla yake. Ilibidi aanze mtu kusema.

Lakini zipo dakika mbili ambazo hata hoja nzuri namna gani lazima isubiri: tangu mkweaji anaposhika ncha ya kamba hadi anapoinua mguu wa kwanza. Katika kanuni zote za kukwea, hii ndiyo ninayoishikilia kwa nguvu zaidi, kwa sababu fundo ambalo halijamalizwa halijitangazi. Litakaa kiunoni kwa utulivu njia nzima, maana unapopanda uzito uko kwenye mikono na miguu yako. Siku ya hukumu ni pale juu, unapoegemea nyuma ushushwe.

Ndivyo ilivyomtokea Lynn Hill, mkweaji wa Marekani, huko Buoux, Ufaransa, mwaka 1989. Alipitisha kamba kwenye hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani, akaliacha fundo katikati akaenda kuvaa viatu, akazungumza na mtu, kisha akapanda. Koti lilifunika kiuno, hakuna aliyeona. Juu alipoegemea, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampunguzia kasi, akapona. Huyu ndiye aliyekuja mwaka 1993 kuwa mtu wa kwanza kuikwea The Nose, njia maarufu ya mwamba wa El Capitan huko Marekani, kwa mikono na miguu bila kujivuta kwa vifaa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hili ni kosa la wageni. Mgeni huangalia fundo lake mara tatu. Mzoefu hufunga huku anaongea.

Fundo lenyewe ni la nane, lenye umbo la tarakimu 8. Funga nane ya kwanza kiasi cha mita moja kutoka kwenye ncha, pitisha ncha kwenye matundu mawili ya hanesi, la mapajani na la kiunoni, njia ile ile inayopita kitanzi cha katikati. Kitanzi chenyewe ni cha karabina (pete ya chuma yenye mlango) ya mshika kamba, yule anayemlinda mkweaji kutoka chini; usifunge kamba hapo. Kisha ncha irudi ikiifuata nane ya kwanza bega kwa bega. Likikamilika utahesabu jozi 5 za kamba zilizolala sambamba. Ukipata 4, kuna mahali umeruka. Vuta pande zote nne, moja moja, hadi likaze. Mkia ubaki angalau mara 10 ya unene wa kamba, yaani sentimita 10 kwa kamba ya milimita 10. Ukifika 15 ni sawa, lakini usiache mkia wa kuning'inia hadi magotini: mtu aliyechoka huushika huo akauchomeka kwenye karabina ya ukutani akidhani ni kamba yake. Na ukishaanza kufunga, mtu akikuita, malizia kwanza ndipo uitike. Kama umekatizwa, fungua lote uanze upya.

Baada ya hapo mnakaguana, na ukaguzi ni wa kugusa. Jicho huona linachotarajia kuona. Mshika kamba avute fundo la mkweaji na vifungo vya hanesi. Mkweaji abinye mlango wa karabina ya mwenzake aone kama umefungwa kweli, kisha aivute kamba kwa ghafla upande wake. Kama kifaa cha kushikia kamba ni GriGri, kile kinachoibana chenyewe ikivutwa ghafla, lazima ibane. Kamba ikiteleza tu, kuna uwezekano imewekwa kinyume. Mwisho muulizane: ncha ya pili ya kamba ina fundo?

Sasa maneno ya kupeana amri. Hapa Kiswahili kina mitego yake, na nashangaa tunavyoizungumzia kidogo. Wengi huita "kaza" wakitaka kamba ivutwe na "legeza" wakitaka iongezwe. Kwenye upepo, mita 25 juu, kinachofika chini ni "za". Mmoja anaomba kamba, mwingine anambana katikati ya hatua ngumu. "Shika" na "shusha" nayo ni vivyo hivyo, yanaanza kwa mlio mmoja. "Achia" lisitumike kabisa, hata kwa utani, kwa sababu kuna siku mtu ataachia kweli.

Ninachopendekeza ni maneno yasiyofanana popote: "kaza" kwa kubana, "nipe" kwa kuongeza, "shusha" kwa kushuka. "Kamba!" libaki kuwa onyo kwamba kamba inaanguka, na "jiwe!" kwamba kuna kinachoporomoka. Ukisikia jiwe usitazame juu. Jibandike ukutani, na kama wewe ndiye mshika kamba, mkono wa breki, ule unaoibana kamba, usiondoke. Kila amri itanguliwe na jina. Mwamba wenye watu wengi unaweza kuwa na "shusha" tatu kwa dakika moja, na hutaki kumshusha mtu kwa ombi la jirani.

Neno la kumwachilia mshika kamba liwe refu kuliko yote: jina, kisha "nimejifunga juu". Wa chini alirudie ndipo afungue kifaa. Kama hakusikia vizuri, aendelee kushika, hata nusu saa.

Kuna maneno mawili mazuri nyumbani ambayo mwambani ni hatari: "sawa" na "salama". Mkweaji anafika juu, anaita "salama!" kwa furaha, akimaanisha nimefika, nishushe. Aliye chini anasikia kwamba amejifunga na atateremka mwenyewe, anatoa kamba kwenye kifaa. Mkweaji anaegemea nyuma juu ya kamba isiyoshikwa na mtu. Watu wameumia na kufa hivi wakiwa na vifaa vizima na mafundo sahihi. Dawa yake ni swali moja la chini, kabla mguu haujaondoka: "Nitakushusha au utajishusha?" Mkishajibu, msibadilishe juu. Mpango ukilazimika kubadilika, mshika kamba aendelee kushika mpaka waelewane kwa sentensi kamili.

Ncha ya kamba niliiacha, turudi. Kamba ya mita 60 inashusha mtu kutoka mita 30, hesabu ni hiyo. Njia ikiwa na mita 32, kamba itakwisha mkweaji akiwa karibu mita 4 hewani, na kama hakuna fundo ncha inapita kwenye kifaa bila kuaga. Alama ya katikati nayo isiaminiwe kwenye kamba iliyowahi kukatwa ncha iliyochakaa, kwani katikati imehama. Mtu akiwa anateremka kwa kujishusha ni hivyo hivyo: Brad Gobright, mkweaji hodari wa Marekani, alifariki El Potrero Chico, Mexico, Novemba 2019, kamba ilipoisha upande wake na ncha haikuwa na fundo. Sekunde 10 za kufunga fundo, na liwe na mkia wa sentimita 30 hivi.

Mwenzako akiwa njiani, mshika kamba hana soga na jirani. Asimame karibu na ukuta, mita moja au mbili, hasa kabla ya boliti ya tatu (chuma cha ukutani cha kupachikia kamba), kwa sababu kamba iliyolegea mapema humfikisha mtu ardhini. Wanaotazama nao wazuie ndimi. Kumpigia mtu kelele "mguu wa kushoto juu!" bila kuombwa ni kumnyang'anya fumbo lake, na mara nyingi ushauri wenyewe ni wa mwili wa mtoa ushauri: hatua ya mwenye mita 1.85 haimsaidii mwenye mita 1.60. Akiuliza, jibu alichouliza tu.

Akishagusa chini, akasimama imara, akafungua fundo, ubishi wa 6b uendelee. Ila kabla hamjaivuta kamba, hakikisheni ncha ile inayopanda juu haina fundo lililosahaulika. Likinasa kwenye pete za juu, mtu atalazimika kupanda tena kulifuata.