Makala ni yangu, mbona naambiwa niitoe mtandaoni?

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo moja, nani ana ruhusa ya kugawa makala ya jarida na kwa njia gani, kwaiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyafupisha kidogo, mnivumilie.

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Mwaka jana nilichapisha makala kwenye jarida moja la kulipia, yaani msomaji ndo analipa, kwa furaha nikachukua ile PDF nikaipandisha ResearchGate, ule mtandao wa watafiti, watu waisome. Juzi mchapishaji kaniandikia eti niitoe, nimevunja mkataba. Sasa utafiti nimefanya mimi, kuandika nimeandika mimi, hawajanilipa hata senti na wapitiaji, wale wataalamu waliokagua muswada, nao hawajalipwa. Hii ni haki kweli? – Mtafiti chipukizi

JIBU: Pole ndugu yangu, ila itoe kwanza afu tuongee. Ukiniuliza kama ni haki, mi nasema hapana, lakini kisheria wana pa kusimamia, maana makala ilipokubaliwa kuna fomu ulisaini, ile ambayo wengi wanaibonyeza fasta bila kusoma kwa sababu ya raha ya kukubaliwa, na kwenye majarida mengi ya kulipia fomu hiyo inahamisha hakimiliki kwenda kwa mchapishaji au inampa yeye peke yake ruhusa ya kusambaza. Ukishasaini, jina linabaki lako, ile PDF sio yako tena.

Sasa hapa ndo penye faida, soma taratibu. Makala moja huwa na matoleo matatu. Kuna muswada ulioutuma mwanzo kabla mtu yeyote hajaupitia, hiyo ndo priprinti. Kuna muswada wako baada ya kurekebisha kwa maoni ya wapitiaji na mhariri akasema sawa umekubaliwa, bado uko kwenye faili lako la Word, hauna nembo ya jarida wala haujapangwa kurasa. Na kuna toleo la mwisho, ile PDF ya kupendeza yenye nembo na namba za kurasa, ambayo ndo uliyoipandisha. Ugomvi wa wachapishaji karibu wote uko kwenye hili la tatu. La kwanza wengi wanakuachia uliweke popote muda wowote, la pili wanakuruhusu uliweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chako, mara nyingi baada ya kusubiri miezi 6 au 12, wengine mpaka 24. Na hoja zako, takwimu zako, majedwali yako vyote vimo kwenye hilo la pili, kilichopungua ni sura na masahihisho madogo ya wahariri. Yaani msomaji hapungukiwi kitu cha maana, ila watu wengi wakishapata PDF ya jarida wanafuta ule muswada kwenye kompyuta, na hilo ndo kosa kubwa kuliko yote! Tunza huo muswada jamani.

Tatizo lingine ni mahali ulipoweka. Sera nyingi zinatofautisha hifadhi ya chuo, au hifadhi ya fani kama arXiv, na mtandao wa kibiashara, na ResearchGate ni kampuni. Mchapishaji Elsevier na Chama cha Kemia cha Marekani waliishtaki ResearchGate huko Ujerumani mwaka 2017, kesi ikaenda mpaka wakapatana Septemba 2023, na katika mapatano hayo makala za wachapishaji hao wawili zinakaguliwa haki zake pale pale mwandishi anapopandisha. Kwaiyo usidhani kuna mtu anakuonea wewe binafsi.

Cha kufanya leo: ingia Sherpa Romeo, ambayo siku hizi inaitwa Open Policy Finder, andika jina la jarida, itakuonyesha toleo gani unaruhusiwa kuweka, wapi, na baada ya muda gani. Afu mtafute mkutubi wa chuo chako, hawa watu wanajua mambo haya kuliko maprofesa wengi na hawaulizwi. Na angalia nani alifadhili utafiti wako, maana mfadhili anaweza kuwa na nguvu kuliko hiyo fomu. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, NIH, kwa mfano, inataka muswada wowote uliokubaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025 uwe wazi kwenye PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, siku ile ile makala inapotoka, hakuna kusubiri mwaka kama zamani. Kwa makala ijayo, weka sentensi moja kwenye muswada unapoutuma, kwamba toleo litakalokubaliwa utaliweka wazi kwa leseni ya CC BY, ile inayomruhusu yeyote kulitumia na kuligawa mradi akutaje. Wafadhili wa cOAlition S, muungano wa wafadhili wanaotaka makala ziwe wazi, wanasukuma njia hiyo tangu 2020. Wachapishaji wengine watanuna, ila ukisema mapema una pa kusimamia.

SWALI: Shikamoo. Jarida limekubali makala yangu, nimeruka ruka kwa furaha, kumbe wanataka hela ndefu ili iwe huria, yaani wazi kwa kila mtu, na mi sina mradi wala mfadhili. Nifanyeje? – Mwanafunzi wa uzamivu

JIBU: Marahaba mwanangu na hongera. Usilipe kwa hela ya mfukoni, nakuomba. Jiulize kwanza hili jarida ni la namna gani. Kama ni jarida la kulipia ambalo linakupa chaguo la kufanya makala moja moja iwe huria, basi chaguo hilo sio lazima, we kataa, makala itachapishwa kawaida bila malipo na muswada wako utauweka hifadhini kama nilivyomweleza mwenzio hapo juu. Huko kwenye majarida hayo ya mchanganyiko ndo bei zinapotisha, Nature walipotangaza ada yao mwishoni mwa 2020 ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja, mtu anaweza kufanya utafiti mzima kwa hela hiyo.

Kama jarida lote ni huria na linaishi kwa ada, omba msamaha wa ada. Wachapishaji wengi wakubwa wanatumia orodha za Research4Life, ule mpango wa kuzisaidia nchi za kipato kidogo kupata majarida ulioanza 2002, nchi za kundi A, zile maskini zaidi, mara nyingi zinasamehewa zote na za kundi B zinapunguziwa nusu. Ila kuna masharti ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa: mara nyingi wanaangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, kwaiyo kama umemweka mwenzako wa nchi tajiri pale mnaweza kukosa nyote, na wengi wanataka uombe wakati wa kutuma, sio baada ya kukubaliwa. Kwa kesi yako andika barua leo hii, kwa heshima, eleza huna mfadhili. Wanaweza kukataa, lakini ukikaa kimya jibu ni hapana tayari.

Na safari ijayo tafuta jarida lisilotoza msomaji wala mwandishi, yanaitwa majarida ya almasi. Kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa 2003 Chuo Kikuu cha Lund, zaidi ya nusu ya majarida hayatozi ada yoyote, unachuja tu. Hii dhana kwamba huria maana yake mwandishi alipe inaniudhi sana, imewafukuza watu wengi bure.

SWALI: Nikiweka priprinti si jarida litasema makala imeshachapishwa tayari?

JIBU: Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa jarida la tiba la New England, aliweka kanuni kwamba hapokei kazi iliyokwisha kutoka kwingine, na wengi wakaiga. Lakini wanafizikia wanaweka kazi zao arXiv tangu 1991, wanabiolojia wakapata bioRxiv 2013, watu wa tiba medRxiv 2019, na siku hizi majarida mengi ya sayansi hayana neno. Kwenye fani nyingine bado wapo wagumu, soma maelekezo kwa waandishi kabla hujapandisha. Ukishapandisha sehemu kama hizo huwezi kuifuta kabisa, hata ukiiondoa rekodi inabaki, kwaiyo pandisha kitu usichokionea aibu.

SWALI: Mkuu tuseme ukweli, kila mtu anatumia Sci-Hub, ile tovuti inayogawa makala za kulipia bure bila ruhusa. Kuna ubaya gani?

JIBU: Kuanzia 2011 Alexandra Elbakyan alipoianzisha watu wameshusha makala mamilioni, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru Elsevier walipwe dola milioni 15 kwa kuvunjiwa hakimiliki. Ni kinyume cha sheria, siwezi kukuambia vingine hapa, ingawa hasira ya mtu anayedaiwa makumi ya dola kusoma kurasa kumi naielewa vizuri sana. Kinachonishangaza ni kwamba wengi wanakimbilia huko wakati nakala halali ipo wazi. Weka Unpaywall kwenye kivinjari, inakutafutia nakala huru ya makala unayoitazama. Kwenye Google Scholar bonyeza sehemu ya matoleo yote chini ya jina la makala, mara nyingi muswada upo kwenye hifadhi ya chuo fulani. Ukikosa kote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Sera nyingi zinamruhusu kumtumia mtu mmoja mmoja, na waandishi wanapenda sana kuombwa, wengi hawajawahi kuombwa na mtu!

SWALI: Mimi ni mwalimu, nimepata makala iliyoandikwa ni huria, nataka kuitafsiri niwagawie wanafunzi na kuiweka mtandaoni. Ruhusa? – Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, inategemea herufi zilizo chini ya makala. Ikiwa ni CC BY, tafsiri, gawa, chapisha, mradi utaje mwandishi, uweke linki ya leseni na useme umebadilisha nini. Ikiwa na NC hutakiwi kufanyia biashara. Ikiwa na ND hapo ndo pana shida, unaweza kugawa makala nzima kama ilivyo ila tafsiri huruhusiwi kuisambaza mpaka mwenye hakimiliki akubali, na huyo anaweza kuwa mchapishaji, sio mwandishi. Na kuna zile zinazosomeka bure lakini hazina leseni yoyote, hizo usichukulie kwamba ni huria. Gawa linki tu, kwa linki hakuna atakayekusumbua.

SWALI: Nimepata barua pepe inaniita profesa mashuhuri, wanasema watachapisha makala yangu ndani ya siku tatu kwa ada ndogo. Mimi ni wa shahada ya kwanza.

JIBU: Futa.