Oski ya kwanza: usiridhike na jumla ya alama

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi, mtihani wa vitendo, ule tunaouita oski, utawatisha. Mimi ulinitetemesha mikono. Kengele inalia, unaingia kituoni, yaani sehemu ya kufanyia kazi moja ya mtihani, mgonjwa wa kuigiza amelala kitandani, na pembeni mtahini ameshika kishikwambi, hasemi neno. Baada ya dakika chache kengele inalia tena, unahamia kituo kingine. Utaratibu huu uliasisiwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, wakauchapisha mwaka 1975, ili wanafunzi wote wapimwe kwa kazi ileile na vigezo vilevile. Siku hizi alama zinaingia kwenye mfumo wa mtandaoni palepale, hatua kwa hatua. Mtandao ukikatika usishtuke, hilo ni la wasimamizi. Wewe endelea na mgonjwa.

Matokeo yangu ya kwanza yalipotoka niliona nimefaulu, nikafurahi. Mkufunzi wangu akaniita, akafungua alama za kituo kimoja kimoja. Kuchoma sindano, kufunga kidonda, kupima presha: kote mstari uleule wa orodha ya hatua ulikuwa mtupu. Sikuwa nimemuuliza mgonjwa jina lake. Kila kituo kilinikata alama kidogo tu, ndiyo maana jumla ililificha kosa. Lakini wodini kosa hilohilo ndilo linalofanya dawa ya kitanda cha 4 apewe mgonjwa wa kitanda cha 5. Niliona aibu, na nashukuru niliionea pale chuoni.

Kwa hiyo ombeni kuonyeshwa alama za kila kituo, tena mapema, kabla hamjasahau mlichofanya. Tafuta mstari unaojirudia mtupu. Ukienda wodini, mwombe muuguzi wa zamu akusimamie ukifanya hatua hiyo kwa mgonjwa halisi. Mfumo unakuonyesha pengo; kuliziba ni kazi ya mikono yako.

Kingine ni haraka. Kwa kuogopa kengele, mwanafunzi ananawa kama anayekimbilia daladala, wakati kunawa kwa maji na sabuni kunahitaji sekunde 40 hadi 60. Kwenye presha, mkanda wa kipimo unafungwa juu ya shati, mkono unaning'inia, mgonjwa amepishanisha miguu. Hapo namba utaipata, ila si presha yake. Mkiwa bweni pimaneni: mwenzako apumzike dakika 5, aegemeze mgongo, mkono utulie usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi. Mmoja apime, mwingine ashike orodha ya hatua awe mtahini. Kuwa mtahini kutakufundisha kuliko unavyodhani.

Na semeni kwa sauti mnachofanya, mkimwambia mgonjwa. Wengi wanamsomea mtahini hatua kama shairi, huku aliyelala kitandani hajui kwa nini anafunuliwa nguo. Siku hizi nami hukaa pale pembeni. Ukiingia kituoni kwangu ukanikuta nimeinamia kishikwambi, usinitazame mimi. Msogelee mgonjwa, msalimie, muulize jina.